Kitani Hakikatwi

Kapteni Mgaya aliingia Luvwiko asubuhi, maua ya kitani yakiwa yamefunguka shamba zima, na kabla hajaua mtu yeyote alianza kwa kusalimia.

"Kamwene, kaka!" alimwita Ambakisye kutoka getini. "Kamwene, shemeji!" akamwambia Subilaga, mke wa Ambakisye, huku akivua kofia. Tabasamu lake lilikuwa lilelile la kila mwaka. Kilichobadilika ni bunduki. Miaka yote bunduki ziliachwa getini kwa Mzee Chaula. Leo zilipita, na Mzee Chaula alikuwa amekaa chini ameshika mdomo uliopasuliwa kwa kitako cha mojawapo.

Watu wa Luvwiko walimjua Mgaya kama wanavyomjua mkwe. Mwanzoni mwa vita vya Bwawa alipandishwa mlimani kwa machela, matumbo yake yamefungwa ndani ya shati, na Ambakisye alimshona mchana kutwa kwa kitani hai bila kuuliza alikuwa wa upande gani. Ndiyo iliyokuwa sheria ya mlangoni: anayeletwa hushonwa. Malipo nayo yalijulikana. Aliyeshonwa alirudi kila msimu kung'oa mstari mmoja wa kitani kwa mikono yake, adui kando ya adui, migongo imeinama. Mgaya hakuwahi kukosa, na kwa utani hakuwa na mpinzani. Aliicheka miiko ya wenyeji, kwamba panga lisiguse kitani, kwamba aliyeshonwa asitie hata kidole kwenye dimbwi la kulowekea. "Semeni tu hamtaki sisi wa bondeni tuwachafulie maji," alisema mwaka jana, na Subilaga mwenyewe alicheka mpaka akaangusha mganda.

Leo Subilaga alizipitia nyuso za askari kwenye malori, asione hata mmoja aliyewahi kung'oa mstari. Alikuja kujua baadaye kwamba waliowahi kushonwa waliikataa amri ya kupanda mlima, na kwamba Mgaya aliwatupa lupango.

"Safari hii sikuja kung'oa," Mgaya alisema. "Mahema yangu yamejaa majeruhi. Nachukua shamba lote."

"Bado kinachanua," Ambakisye alimjibu. "Ngoja mashina yaanze kugeuka manjano kwa chini. Nitateremka mimi mwenyewe niwashonee hukohuko kwenye mahema."

"Watu wangu wanakufa leo, kaka. Hawafi msimu ujao."

Akapiga mluzi. Askari wakaruka kutoka kwenye malori na mapanga mkononi.

Ambakisye alikimbia akasimama mbele yao, ametanua mikono kama mtu anayezuia ng'ombe wasiingie shambani. "Mgaya, ndugu yangu, nisikilize. Usikate. Kitani kikikatwa..."

Mgaya alimpiga risasi ya kifua.

"Kinalia," alimalizia mwenyewe, bila hasira yoyote. "Najua. Wimbo huo nimeshaimbiwa."

Subilaga alimfikia mumewe akiwa bado anashuka. Alilibonyeza jeraha kwa viganja vyote viwili, damu ikapita katikati ya vidole, akapiga kelele aletewe uzi. Atuganile, dada wa Ambakisye, alikimbilia ghalani. Askari alimrudisha kwa teke la tumbo, kwa sababu ghala la uzi lilikuwa tayari linapakiwa. Basi mshonaji ambaye watu walimpandia mlima kutoka nchi tatu alikufa kwa kukosa uzi usiozidi urefu wa mkono, mdomo wake ukiwa wazi kwa ajili ya neno lililofuata.

Neno lenyewe Subilaga alilijua.

Kijiji kizima kilipigishwa magoti uani, mikono kichwani, uso kwa uso na shamba. Mapanga yalipanda na kushuka. Kitani cha kawaida ukikikata hupotezi kitu ila urefu wa nyuzi. Hiki hakikuwa cha kawaida. Mabibi wa Luvwiko, waliokuwa na maabara kabla hawajawa na kijiji, walikifundisha kunywa damu. Uzi wake ukipita kwenye nyama huamka, hukua, huunganisha mshipa na mshipa, kisha hukoma. Amri ya kukoma hukaa pale shina linapokutana na mzizi. Mmea uking'olewa na kuanikwa mzima, amri hiyo hupanda pamoja na utomvu wa mwisho hadi nchani. Ukikatwa kwa panga, amri hubaki ardhini, na uzi huondoka kama lori lisilo na breki.

Mabibi walilijua hilo baada ya kuzika watu wao wa kwanza. Kisha wakafanya ujanja ambao kila mwenye biashara angeufanya. Waliogopa kwamba mwenye kuijua sababu atakwenda kuotesha kitani chake kwingine, kwa hiyo sababu wakaizika ndani ya mwiko. Wageni wakaambiwa wahenga hawapendi panga. Sasa mtu wa bondeni atawaogopaje wahenga ambao si wake?

Subilaga alifungua mdomo. Sajini mmoja, mwanamke aliyenyoa kipara, alikuwa amesimama karibu naye na bunduki, akamtazama kama anayengojea kutukanwa. Maneno yenyewe hayakuwa marefu. Angeweza kuyasema kwa pumzi moja. Alitazama damu ya mumewe inavyoanza kukauka kwenye kucha zake, akatazama maua ya buluu yanavyolala chini ya buti, na kando yake Atuganile, bado amejikunja kwa lile teke, akatikisa kichwa kidogo tu. Subilaga akafumba mdomo. Hakuna mwingine aliyesema. Kijiji kizima kilipiga magoti, kikanyamaza, kikatazama malori yakijaa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kila mmoja pale uani alijua mshindo huo ungesikika wapi.

Alifurahi. Aibu ya furaha hiyo ilikuja siku nyingine, lakini asubuhi ile, maiti ya Ambakisye ikiwa mapajani mwake, Subilaga alifurahi sana.

*

Walirudi baada ya majuma machache, malori yakipanda taratibu kama yamebeba mayai.

Wa kwanza kushushwa alikuwa kijana aliyepigwa risasi ya paja. Uzi ulikuwa umetoka kwenye paja lile ukaingia kwenye la pili, ukayashona yote mawili pamoja, hata wenzake wakambeba kama mkeka uliokunjwa. Nyuma yake akaja mmoja aliyeshika viganja vyake mbele yake kama anaomba dua. Hakuwa anaomba. Vilikuwa vimeungana. Mwingine alikuwa na jeraha shingoni, na pale kwenye jeraha palikuwa na majani membamba na ua moja la buluu, limefunguka vizuri kabisa kwa jua la asubuhi. Watoto wa kijiji walianza kulia kabla ya watu wazima.

Sajini yule mwenye kipara, ambaye wenzake walimwita Kisinga, alikuwa ameshonwa shavu. Uzi ulikuwa umefunga nusu ya midomo yake. Alizungumza kwa nusu iliyobaki.

"Tuliukata kwa wembe," alimwambia Subilaga. "Ukikata mmoja, zinatoka mbili. Tukachoma kwa moto. Tulichoma watu, mama. Walikuwa wanatushika miguu."

Mgaya alishuka mwisho. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ngumi. Alipigwa kipande cha bomu kwenye kiganja, akajishona mwenyewe ili kuwaonyesha askari wake kwamba hakuna cha kuogopa, na sasa vidole vilikuwa vimezama kwenye kiganja na nyuzi zilikuwa zimefika kwenye kiwiko, zikipanda chini ya ngozi kama mishipa myeupe.

"Shemeji," alisema. "Umenitilia nini kwenye kitani?"

Kabla hajajibiwa, yule mwenye ua shingoni alianza kurusha miguu. Uzi ulikuwa umelifikia koromeo, na ulikuwa unakaza. Hakuna aliyemgusa. Alijikwaruza shingo mpaka kucha zikang'oka, macho yakamtoka, akanyooka palepale kwenye vumbi la uani, na ua likiwa bado halijanyauka.

Mgaya aliitazama maiti. Kisha akageuka, akanyoosha bastola, akampiga Mzee Chaula katikati ya macho. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda chake getini, akisubiri bunduki za kupokea kama kawaida yake. Kigoda kilianguka upande mmoja na yeye upande mwingine.

"Tuelewane," Mgaya alisema. "Kila wangu atakayekufa hapa, wenu atamsindikiza. Nimeanza na mzee kwa sababu namheshimu."

Hakuna aliyelia kwa sauti. Subilaga alijishika kwenye nguzo ya banda.

"Mlikata," alisema. "Hilo tu. Mlikata badala ya kung'oa."

"Na wahenga wamekasirika."

"Wahenga hawana habari nawe. Ni uzi. Nipe nafasi kwenye dimbwi, nipe na wifi yangu anisaidie. Nitajaribu kuwatoa uzi."

Mgaya akacheka, kicheko kilekile cha kwenye mistari. "Shukrani ya punda ni mateke, eh? Mimi nakupiga teke, wewe unanitibu. Haya, shemeji. Tibu."

*

Chachu ya dimbwi ilitunzwa kwenye mapipa nyuma ya banda la kuanikia. Ni vijidudu vinavyokula gundi, ile gundi inayoshikilia nyuzi kwenye bua, na kwa kuwa uzi hai nao hujishikiza kwenye nyama kwa gundi ya namna hiyo, chachu haibagui bua na mtu. Kidogo hulegeza. Nyingi huozesha.

Subilaga alikuwa anakoroga, Atuganile ameshika kata. Askari wawili waliwasimamia, lakini harufu ya mapipa ilikuwa ya mzoga, na walirudi nyuma wakaziba pua.

"Mimina yote, wifi," Atuganile alinong'ona.

"Nyamaza, koroga."

"Kaka yangu amelala nyuma ya banda hili. Chaula hajapoa hata mwili. Mimina mapipa yote, waive kama maharage."

"Halafu? Wale watakaobaki nje na bunduki watafanya nini?"

"Watupige. Mimi nilikufa siku ile. Wewe hukufa?"

Subilaga aliacha kukoroga. "Atu, nani amewaua hawa watoto?"

"Mgaya."

"Mgaya alimuua Ambakisye. Hawa tumewaua sisi. Tulipiga magoti pale tukawatazama wakibeba. Wewe ulitikisa kichwa, mimi nikafumba mdomo."

"Walikuwa wanastahili."

"Kaka yako alikuwa anawaambia." Akaanza tena kukoroga. "Aliwaona na mapanga, akajua wamekuja kumwibia, na bado alikuwa anawaambia. Risasi ilimkuta katikati ya neno. Tangu siku ile neno lile limenikwama hapa kooni, wifi. Hata ugali haupiti."

Atuganile alilia kimyakimya, kata mkononi, kamasi zikimtoka kama mtoto. Hakusema amekubali. Lakini Subilaga alipomwambia kata ya kwanza, alimimina moja. Alipomwambia basi, aliacha, ingawa kata ilibaki juu ya pipa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Waliingizwa kwa makundi. Dimbwi lilichimbwa kwa ajili ya miganda, lenye kina cha kifuani, na maji ya nyanda za juu ni baridi ya kuuma mifupa. Subilaga na Atuganile, ambao miilini mwao hamkuwa na uzi, waliingia nao. Kazi ilikuwa kushika ncha ya uzi inapochungulia, kuizungushia kidole, na kuvuta. Ukija na nyama, bado. Ukija mtupu, toka haraka, maana baada ya gundi chachu hula nyama yoyote iliyo wazi.

Mwanzoni askari walitetemeka tu. Kisha gundi ilianza kulegea na vidonda vikaanza kufunguka, na mayowe yalianza. Yule wa mapaja alipasuliwa polepole kutoka gotini kwenda juu, uzi kwa uzi, akiuma mkanda wa mwenzake mpaka meno yakapita. Wa viganja alipotenganishwa aliacha ngozi ya mkono mmoja kwenye mwingine. Maji yalibadilika rangi, yakawa kama chai ya rangi, kisha mazito zaidi. Subilaga alivuta, akavuta. Nyuzi ndefu zilitoka zikiwa na damu, nyingine zimeota mizizi midogo, na alizitupa ukingoni zikajipinda kwenye majani kama minyoo. Kila aliyekuwa tayari alipokelewa juu na wanawake wa Luvwiko, akafungwa kwa vitambaa vya kitani cha kawaida, kile kisichojua lolote.

Mmoja alifia majini. Uzi ulipovutwa kifuani ulikuja na kitu ambacho hakikupaswa kuja, akafumba macho bila kupiga kelele. Mgaya, aliyekuwa amesimama ukingoni muda wote, aliinua bastola kwa Atuganile.

Sajini Kisinga alikuwa ndani ya maji. Alisogea akasimama katikati, shavu lake likiwa wazi, meno yakionekana kwa pembeni.

"Huyu alikufa kwenye lori, Kapteni," alisema. "Mwili tu ndio ulikuwa haujapata habari."

Mgaya alifikiri, akaishusha.

*

Jua lilipokuwa utosini askari wote walikuwa wametoka. Walilala kwenye nyasi wamefungwa vitambaa, wengine wakigugumia, wengine wakilala usingizi. Wengi wangebaki na makovu mabaya, na baadhi wasingetembea sawasawa tena. Lakini walikuwa wanapumua, na uzi haukuwa ndani yao.

Mgaya alianza kuvua shati.

Alikuwa amengoja makusudi. Si mjinga huyu. Aliwatanguliza watu wake kama mfalme anayewaonjesha wapishi chakula, akaona waliofuata maelekezo wametoka hai. Sasa alimpigisha Atuganile magoti ukingoni kabisa, akamwekea mdomo wa bastola kisogoni, na kuanza kukata vifungo vya shati kwa meno.

Shati lilipoanguka Subilaga aliuona mshono. Ulipita tumboni kutoka ubavu hadi nyonga, mweupe, laini, umenyooka, na mwishoni kile kifundo ambacho Ambakisye alikizungusha mara mbili halafu akakilaza kwa ulimi, tabia iliyomkera mkewe miaka yote. Hakuna mtu mwingine duniani aliyefunga kifundo vile.

Na uzi huo ulikuwa wa kung'olewa. Ulishakoma zamani. Gundi yake ilikuwa imekauka, nyembamba kama ganda la kitunguu, na chachu iliyohitaji asubuhi nzima kutafuna gundi changa ya uzi wa panga ingeimaliza hii kabla ya mtu kumaliza kuoga. Ndiyo sababu aliyeshonwa haingii dimbwini. Mwiko mwingine wa mabibi, sababu nyingine iliyozikwa.

Hakuwa na haja ya kufanya chochote. Hakuna wa kumsukuma, hakuna sumu ya kutia. Mwanamume aliyemuua mumewe alikuwa anavua viatu mwenyewe. Kilichotakiwa ni kufumba mdomo, kazi ambayo Subilaga alishaifanya mara moja na kuifanya vizuri. Alimtazama Atuganile. Chini ya bastola ile, Atuganile alikuwa anamtazama, na alitikisa kichwa kidogo tu, vilevile kama siku ile.

Subilaga alitaka. Alikitaka kifo chake kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji, na asingekataa kwamba alikitaka.

"Usiingie," alisema.

Mgaya alisimama mguu mmoja juu.

"Una uzi wa Ambakisye tumboni," Subilaga alisema, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye nyasi, na watu waliolala wakainua vichwa. "Ulishakoma. Maji haya yataumaliza kwanza, kabla ya ule wa mkononi. Utafunguka tumbo, hata ukitia mkono peke yake, maana chachu hupanda na damu. Askari wako hawakuwa na uzi wa zamani, wewe unao. Njia yako ni msumeno. Nikukate mkono juu ya kiwiko sasa hivi, uzi haujapita hapo, utapona."

Mguu ulirudi ukingoni. Kisha Mgaya akacheka. Alicheka mpaka akajishika ubavu.

"Msumeno! Shemeji, kisasi kimekunogea. Aliyeshonwa asioge dimbwini, mwiko huo! Leo umeuvalisha koti jeupe la daktari." Alijifuta machozi kwa ngumi yake iliyoshonwa. "Nimekaa nanyi misimu mitatu nikiuliza kwa nini hiki, kwa nini kile. Mkanijibu wahenga, wahenga. Leo, siku ambayo mkono wangu ndio unaotakiwa, ndiyo siku mmeipata sababu?"

Na hapo alikuwa amesema kweli tupu, yule mtu.

"Nakuapia kwa kaburi lake," Subilaga alisema.

"Kaburi nililichimba mimi," Mgaya alijibu, akaingia majini.

Aliingia hadi kifuani, bastola ameiinua juu ya maji, imemlenga Atuganile. Alitulia. Alimkonyeza Subilaga. Baadaye kidogo alitazama chini, kama mtu aliyeguswa na samaki.

Alijishika tumbo kwa ile ngumi. Uso wake haukuonyesha maumivu mwanzoni, ulionyesha mshangao. Kisha mshono ulifunguka kutoka ubavu kwenda nyonga, moja kwa moja, kama mfuko wa nafaka unaofunguliwa kwa kuvuta uzi unaotakiwa. Kilichokuwa kimefungwa ndani ya shati miaka ile kilitoka kikaelea mbele yake, na Mgaya akapiga kelele ambayo Subilaga aliisikia masikioni miaka mingi baadaye.

"Kisinga!" alipaza sauti. Bastola ilimponyoka ikazama. "Ametuua! Mpige! Wapige wote!"

Sajini Kisinga alikuwa amesimama kwenye nyasi, bunduki mkononi, kitambaa cha shavu kimelowa damu. Waliomzunguka waliinuka mmoja mmoja, wenye kuweza. Hakuna bunduki iliyonyooshwa.

"Amekwambia, Kapteni," Kisinga alisema. "Sote tumemsikia."

Atuganile alitambaa akaondoka ukingoni. Subilaga aliruka majini. Hakufikiri, alikuwa ameletewa mtu mlangoni. Alimshika Mgaya kwa nyuma, akamburuta kwenye ngazi za mawe, akalibonyeza tumbo kwa viganja vyote viwili, na damu ikapita katikati ya vidole kwa njia ileile, joto lilelile.

Mgaya alimtazama akiwa chini. Utani ulikuwa umemwisha usoni na alionekana kijana kuliko alivyokuwa.

"Kumbe ni kweli," alisema.

"Safari hii."

Alikubali kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei ya haki. Kisha akamshika kanga kwa mkono mzima. "Basi nishone. Nishone, shemeji. Nimeletwa mlangoni."

Subilaga alitazama juu ya kichwa chake, upande wa shamba. Visiki vya kitani vilikuwa vimesimama mistari kwa mistari hadi kwenye uzio, vikavu, vimekatwa usawa mmoja, na ghala nyuma yake lilikuwa wazi, halina hata kipande cha uzi.

"Kwa uzi gani, shemeji?" alimuuliza. Lilikuwa swali kweli, na alilia alipoliuliza.

Mgaya aligeuza kichwa, akaliangalia shamba. Aliliangalia mpaka mwisho.

Kazi ya Ambakisye ilielea dimbwini, mshono mzima, kifundo chake bado kimekaza mwishoni. Subilaga aliinyoosha mikono akauokota. Ulikatika vidoleni mwake kama bua lililolowekwa kupita kiasi, na kifundo kikateleza kikazama. Hapo ndipo alipomlilia mumewe, mbele ya askari na mbele ya kijiji, kwa sauti yote aliyokuwa amemnyima siku ile.

Kisinga alingoja. Alipoona kilio kimepungua, alichuchumaa kando yake. "Tufanye nini sasa, mama?"

Subilaga alijifuta uso. Aliwaona watu wa Luvwiko wamesogea karibu, na macho ya wazee wao yakimwomba asilitoe lililokuwa mdomoni, kwa sababu likitoka halitarudi na kijiji hakitakuwa na siri ya kuuza tena. Aliwaona. Kisha akawapa mgongo, akawageukia askari.

"Kaeni chini," alisema. "Wasogezeni na wasioweza kusogea. Kuna maneno mume wangu hakuyamaliza."

Walikaa. Alisimama juu yao, nguo zimelowa, akaanzia palepale risasi ilipomkatiza mumewe.

"Kitani kikikatwa," alisema, na akawaambia yote.